Bangili ya wifi: safari ya Guangzhou kutafuta jade

Jumapili, Xiaobei

Ndege ilitua alfajiri, na kufika saa nne nilikuwa nimeshaoga na kunywa chai nyumbani kwa mdogo wangu, hapa Xiaobei, mtaa ambao mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo anayefuata mzigo Guangzhou anaujua. Mdogo wangu anaoa Jumamosi. Bibi harusi ni binti wa mji huuhuu, na mimi nimekuja kusimama badala ya Mama, ambaye magoti hayamruhusu tena kukaa kwenye ndege usiku kucha.

Kazi niliyopewa ni hii. Kwa watu wa Guangdong, siku ya harusi maharusi hupiga magoti na kuwapa wazee chai, mmoja baada ya mwingine. Mzee akishakunywa hutoa bahasha nyekundu, na walio karibu zaidi humvisha bibi harusi vito kwa mikono yao wenyewe. Dhahabu haikosekani: bangili pacha zenye joka na feniksi, ambazo mdogo wangu ameshazinunua. Ila bangili ya jade familia hii inaisubiri kutoka kwa mama wa bwana harusi. Yeye ndiye anayemvisha mkwewe, na kwa kumvisha anatangaza mbele ya watu kwamba huyu sasa ni wa kwetu.

Nilipompigia Mama, Muheza, kumwambia nimefika salama, aliuliza jambo moja tu: "Yaani jiwe? Na likivunjika?"

Nikamwambia nitauliza.

Jumatatu, mtaa wa Hualin

Wifi ameomba ruhusa kazini ili anitembeze mwenyewe. Tumepanda metro hadi Changshou Lu, wilaya ya Liwan, sehemu kongwe ya mji, tukakata vichochoro mpaka hekalu la Hualin. Simulizi za huku zinasema hapa ndipo alipofikia mtawa Bodhidharma, aliyetoka India kwa njia ya bahari miaka 1500 hivi iliyopita. Ndani kuna ukumbi wa sanamu 500 za watakatifu wa Kibuddha, na nje ya ukuta kila mlango ni duka la jade. Watu wanatoka dukani na kidani kipya, wanaingia hekaluni kukiombea, wanatoka wamekivaa.

Kumbe mawe yanayoitwa jade ni mawili. La kale ni nefraiti, na inayosifika zaidi ni ile nyeupe ya Hotan, kule Xinjiang, inayookotwa mitoni. Hiyo ndiyo iliyovaliwa China kwa maelfu ya miaka. La pili ni jadeiti, wenyewe wanaiita feicui. Ni gumu zaidi, mng'ao wake unakaribia wa kioo, na sehemu kubwa ya ile nzuri inatoka Hpakan, jimbo la Kachin, kaskazini mwa Myanmar. Hiyo iliingia China kwa wingi karne ya 18, zama za ufalme wa Qing, na ndiyo iliyojaa maduka haya. Rangi si kijani peke yake. Nimeona nyeupe, zambarau, manjano, nyekundu ya kutu, hata nyeusi. Kipande kilichobahatika kuwa na kijani, wekundu na zambarau kwa pamoja kina heshima yake, kwa sababu rangi hizo tatu husomwa kama baraka, cheo na maisha marefu.

Somo la kwanza nimelipata kabla hata ya kuuliza bei. Mama mwenye duka alitoa bangili kabatini, nami nikanyoosha mkono kuipokea. Hakunipa. Aliiweka taratibu kwenye sinia lenye kitambaa cha mahameli, akavuta mkono wake akauweka mapajani, akatulia. Wifi akaninong'oneza kwa Kiswahili chake alichofundishwa na mdogo wangu: "Dada, sasa chukua." Jade haipokezanwi mkono kwa mkono. Mmoja anaiweka chini, mwingine anaiokota, ili ikianguka ijulikane ilikuwa mikononi mwa nani. Na ukiishika unakaa, viwiko juu ya meza, husimami nayo kuizungusha kwenye mwanga. Baada ya hapo nilianza kuitazama sheria hiyo kila duka, na hakuna aliyeivunja, hata kijana aliyekuwa akijirekodi kwa simu akiuza mtandaoni.

Vidani ndivyo vilivyonichukulia muda mrefu. Wanaume huvaa Guanyin, mwenye huruma, ili hasira zao zipoe. Wanawake huvaa Buddha acheaye, yule mwenye tumbo kubwa, ili moyo uwe na nafasi ya kumeza maudhi. Hayo ndiyo maelezo niliyopewa, na sanamu hizo hazisemwi kwamba zimenunuliwa, unasema umemwalika. Nimeona pixiu, mnyama wa hadithi anayekula mali lakini hana pa kuitolea, kwa hiyo wafanyabiashara wanampenda kupita kiasi. Nimeona mwanzi unaopanda pingili kwa pingili, kwa mtoto anayesoma. Nimeona popo! Mtu wa Pemba angerudi nyuma hatua tatu, lakini kwa Kichina popo na baraka hutamkwa sawa, basi popo watano kwenye kidani ni baraka tano.

Kilichonigusa zaidi ni kibao cha mstatili, laini, kisichochongwa chochote. Huvaliwa na mtu anayeomba kitu kimoja tu: siku zake zipite bila jambo. Nimekishika muda mrefu kuliko vyote.

Jumanne, kaburi la mfalme

Wifi yuko kazini, nimekwenda peke yangu Makumbusho ya Mfalme wa Nanyue, karibu na kituo cha Yuexiu Park. Mwaka 1983 wajenzi waliokuwa wakisawazisha kilima cha Xianggang waligonga paa la mawe. Chini yake alikuwa amelala Zhao Mo, mfalme wa pili wa Nanyue, ufalme wa kale wa huku kusini, aliyefariki karne ya 2 kabla ya Kristo, akiwa amevikwa vazi la jade toka utosini hadi nyayoni: vipande 2291, vimeshonwa na kubandikwa kwa hariri. Mavazi ya namna hii yaliyopatikana kaskazini yameungwa kwa nyuzi za dhahabu, fedha au shaba; hili la hariri ni la aina yake.

Waliamini jade huzuia mwili usioze. Ndiyo maana wakubwa wa zama za ufalme wa Han walizikwa na vipande vya jade machoni, masikioni, puani, na mdomoni wakawekewa nyenje wa jade, kwa sababu nyenje hutoka ardhini akavua gamba na kuruka. Mfalme mwenyewe ameisha, imebaki mifupa iliyomeng'enyeka. Kulikuwa na watu 15 waliozikwa ili wamhudumie, na mbele ya orodha hiyo nilisimama nikashindwa kuendelea kuusifu uchongaji kwa muda.

Juu ya mwili na chini yake walipanga diski za jade zenye tundu katikati, ishara ya mbingu. Umbo hilo ndilo lile la kidani kidogo cha mviringo nilichokiona jana kwenye shingo za watoto wachanga wa Liwan, kimefungwa uzi mwekundu, ambacho wanakiita cha amani na usalama. Kitu kilichowekwa kifuani mwa mfalme ili avuke kwenda mbinguni sasa kinavaliwa na mtoto anayejifunza kutambaa.

Kuna na seti za vidani vya kuning'inia kiunoni. Zamani muungwana alivaa jade pande zote mbili za kiuno, na alipotembea zilipaswa kugongana kwa sauti ya taratibu. Ukikimbia, zinapiga kelele, ukijikokota, zinanyamaza. Yaani jade ilikuwa inamfundisha mtu mwendo, na watu walisikia adabu yake kabla hajafika mlangoni. Mwanafalsafa wa kale Confucius anatajwa kuwa alilinganisha jade na tabia njema: ulaini wake ni upole, ugumu wake ni akili, kingo zake zisizokata ni haki, na dosari zake hazijifichi, jambo ambalo ni ukweli. Muungwana hakuivua bila sababu, na sababu kubwa ilikuwa msiba. Nimetoka pale nikiamini kwamba hawa watu hawakuanza kwa kupenda kito. Walianza kwa kutaka mtu awe na tabia fulani, wakapata jiwe la kumkumbusha.

Jumatano, kwa wakwe

Chakula cha jioni kwa wazazi wa wifi. Nimepeleka matunda na majani ya chai ya Mufindi, na baba mwenye nyumba ameyanusa mara tatu.

Aliposikia natoka Afrika Mashariki, baba aliuliza kama tunafahamu kwamba jade yao iko kwetu. Alikuwa anazungumzia Olimpiki ya Beijing ya mwaka 2008. Medali zote ziliwekewa duara la jade nyuma: nyeupe kwenye dhahabu, ya kijani hafifu kwenye fedha, ya kijani kwenye shaba. Jiwe lilitoka Qinghai. Samuel Wanjiru alipoimaliza marathoni kwa saa 2:06:32, na Pamela Jelimo aliposhinda mita 800, Kenya ilibeba jade nyeupe ya China shingoni, siyo dhahabu peke yake. Baba alikuwa anamkumbuka marehemu Wanjiru kwa jina. Tulimwombea pamoja, yeye kwa namna yake.

Mama wa wifi ana bangili ya kijani hafifu mkono wa kushoto, upande wa moyo. Ameivaa tangu ujana na sasa haitoki, vifundo vimekuwa vikubwa. Anapika nayo, anaoga nayo, analala nayo. Akanionyesha sehemu ya ndani karibu na mshipa, ambayo anasema ilikuwa na ukungu na sasa imekuwa angavu. Wana usemi huku: mtu huilea jade, nayo jade humlea mtu. Kuhusu mng'ao namwamini kabisa, maana mafuta ya ngozi na miaka ya kusuguana na nguo hulainisha jiwe, na tofauti niliiona kwa macho.

Nikamuuliza swali la Mama. Na ikivunjika?

Hakujibu. Aliinuka, akaenda chumbani, akarudi na kitambaa chekundu kilichofungwa fundo. Ndani kulikuwa na vipande viwili vya bangili, rangi ya maji ya mchele. Ilikuwa ya mama yake. Msimu wa mvua mama wa wifi aliteleza nayo kwenye ngazi za jengo, akaangukia mkono, na bangili ikapiga ukingo wa saruji. Ikakatika vipande vitatu. Mkono haukuchubuka hata kidogo. Bibi, alipoletewa habari, hakusikitika. Alisema jiwe limefanya kazi yake, limeubeba ule ubaya uliokuwa unakuja kwa binti yangu, sasa liacheni lipumzike. Vipande havitupwi. Kimojawapo kilipelekwa kwa sonara kikavishwa vifuniko vya dhahabu pande mbili, na wifi akavuta mkufu wake kutoka ndani ya blauzi kutuonyesha. Kumbe alikuwa amekivaa muda wote.

Mimi ni Mkristo, na ninaamini anayemlinda mtu kwenye ngazi ni Mungu. Lakini nimekaa na hao wanawake wawili na kile kitambaa mezani, na nimeelewa kwamba katika nyumba hii bangili iliyovunjika haijapotea. Ina habari zake, na inazidi kupendwa.

Usiku nimempigia Mama, nikamsimulia yote. Akaniambia, "Basi nunua. Nunua nzuri."

Mama wa wifi ameongeza maonyo ambayo nayaandika yasinitoke. Usinunue ya zamani usiyojua ilikuwa ya nani, kwa sababu jade hushika pumzi ya mwenyewe, na nyingine zimetoka makaburini. Usimpe kila mtu aishike ikishakuwa yako. Usiimwagie maji ya moto ghafla. Na duka likikuharakisha, ondoka.

Alhamisi, Pingzhou

Pingzhou iko Foshan, jirani kabisa na Guangzhou, na biashara yake kubwa ni mawili: mawe ghafi ya jadeiti na bangili. Tumekwenda na baba wa wifi, ambaye leo ndiye kiongozi wa msafara.

Jiwe ghafi linakuja na gamba lake, la kahawia au la kijivu, na hakuna mashine inayoweza kuona vizuri kilichomo. Wanunuzi wanamulika tochi kwenye dirisha dogo lililosuguliwa, wanakisia, wanaweka dau. Wana usemi kuhusu msumeno: mkato mmoja unakutajirisha, mkato mmoja unakufukarisha. Baba aliniambia habari za Bian He, mtu wa nchi ya Chu, aliyeokota jiwe mlimani akampelekea mfalme. Wataalamu wakasema ni jiwe la kawaida, mfalme akaamuru akatwe mguu wa kushoto kwa udanganyifu. Akaja mfalme mwingine, Bian He akarudi na jiwe lilelile, akakatwa wa kulia. Wa tatu alimkuta akilia chini ya mlima siku tatu, akaamuru jiwe lipasuliwe, na ndani ilikuwamo jade ambayo baadaye mfalme wa nchi nyingine, Qin, aliahidi kuibadilisha kwa miji 15. Alichokuwa analilia, alisema, si miguu yake. Ni kitu cha kweli kuitwa uongo. Baba alisimulia akiwa ameshika jiwe ghafi mkononi, na mafundi wawili waliokuwa pembeni waliacha kazi wakasikiliza, ingawa bila shaka wanaijua tangu utotoni.

Bangili ni ghali kwa sababu inatafuna jiwe. Kinakatwa kipande bapa, kisha pete nzima inatolewa ndani yake, na ufa mmoja tu unaharibu kila kitu. Kitovu kinachobaki katikati ndicho kinachochongwa vidani vya mviringo.

Baba alichagua kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni. Kwanza tochi, kuona kama ndani kuna mawingu au nyufa. Kisha ukucha: unaupitisha polepole juu ya kila mstari unaouona, ukikwama huo ni ufa, ukipita bila kukwama huo ni mshipa wa jiwe wa asili na hauna neno. Kisha sauti. Aliining'iniza kwa uzi akaigonga kwa ncha ya jiwe lingine. Ya kwanza ililia vizuri, sauti nyembamba iliyochelewa kuisha. Nyingine, iliyokuwa ya kijani kibichi cha kupendeza, ikatoa mlio wa kigae. Akairudisha kwenye sinia bila kusema kitu.

Vipimo ni kwa milimita za kipenyo cha ndani. Muuzaji alimkalisha wifi, akamwekea taulo nene mapajani iwapo itaponyoka, akamvalisha mfuko mwembamba wa nailoni mkononi na kuupaka sabuni ya maji. Dole gumba likakunjwa kuelekea kiganjani, vifundo vikaminywa pamoja, na bangili ikasukumwa kwa mzunguko mdogo mdogo. Ya 54 ilikwama kwenye mfupa wa dole gumba, na wifi akauma mdomo. Ya 56 ilipita kirahisi mno. Ya 55 iligoma kidogo, kisha ikaingia yote kwa mara moja na kutulia juu ya kifundo cha mkono.

Ilikuwa nyeupe ya barafu, na ndani yake nyuzi za kijani cha bluu zimeelea bila mpangilio. Kwa nje mviringo, kwa ndani bapa, umbo linaloitwa bangili ya amani. Muuzaji akasema jade ndiyo inayomchagua mtu. Husemwa kwa kila mteja, najua, ila wifi alikuwa ameshaacha kuangalia nyingine.

Hapo baba akamchukua binti yake kwenda kunywa chai ng'ambo, asisikie bei. Tukabaki mimi, mdogo wangu na kikokotoo. Muuzaji anaandika namba, nakifuta, naandika yangu, anakifuta. Miaka ya Kariakoo imenisaidia. Tuliishia kwenye bei ambayo Mama aliituma yote, na kidogo cha kwangu juu yake.

Ijumaa, Guangzhou

Asubuhi maabara. Jadeiti huuzwa kwa herufi: A ni ya asili, iliyosuguliwa tu, B imelowekwa kwenye asidi na kujazwa gundi ya plastiki ili ionekane safi, C imetiwa rangi. Mpimaji aliangalia mpindo wa mwanga, 1.66, akaipima majini kupata msongamano, 3.33, akaitazama kwa darubini na kwa mashine inayoonyesha kama kuna gundi. A. Cheti kina picha ya bangili yenyewe, pamoja na nyuzi zake, hivyo haiwezi kubadilishwa na nyingine.

Jioni mama wa wifi aliisuuza kwa maji safi ya baridi, akaikausha, akaifunga kwenye kitambaa chekundu kipya. Mimi nikaisomea Zaburi ya 121. Wote wawili tuliona inafaa.

Jumamosi, chai

Maharusi walipiga magoti kwenye mito miwili. Walianza na bibi, wakaja wazazi, kisha wakaniita mimi kwa jina la Mama. Mdogo wangu aliegemeza simu kwenye birika ili Mama aone, naye alikuwa amevaa kitenge chake cha harusi, amekaa sebuleni Muheza na majirani watano nyuma yake.

Nilikunywa chai, nikatoa bahasha, nikafungua kitambaa. Wifi alikuwa ameshapaka mkono losheni tangu chumbani. Niliweka bangili kwenye sinia, nikaiokota tena, kwa sababu hata mimi sasa siwezi kuishika vinginevyo. Dole gumba ndani, vifundo pamoja. Ilikwama palepale ilipokwama Alhamisi, na shangazi mmoja akashika pumzi. Nikasubiri, nikazungusha, ikaingia. Vigelegele vya Muheza vilisikika kabla ya makofi ya Guangzhou.

Wakati wa kula ukazuka ubishi mkubwa. Shangazi anashikilia kwamba bangili hii itakwenda kwa binti wa kwanza. Mama wa wifi anasema hapana, imetoka upande wa mume, kwa hiyo atavishwa mke wa mtoto wa kiume wa kwanza. Baba akatoa mifano ya ukoo wake, bibi akaipinga yote. Mdogo wangu akatafsiri kwenye simu, na Mama akajibu kwamba akizaliwa binti kwanza apewe binti, na wa kiume akioa, wifi arudi Pingzhou na mimi tukanunue nyingine.

Bibi alipotafsiriwa hayo alicheka, akaomba simu apewe yeye.